Kamba Fupi ya Bi Zuwena

Njia niliyopita kufika nchi ya Usemi siisimulii. Mwenye kutaka njia na awaulize wachora ramani. Mimi nilikwenda, nikafika, na miguu iliyonipeleka ndiyo iliyonirudisha. Nitakayoyasema ni ya watu, maana watu ndio walionishughulisha, na mmoja wao ananishughulisha mpaka leo kila nikiwasha taa nyumbani kwangu.

Kwetu wananiita Chiriku, na jina hilo sikupewa kwa uzuri wa manyoya. Naongea nikipika, naongea nikifua, na mume wangu anaapa kwamba hata usingizini natoa hoja. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umwingize katika nchi ambako hairuhusiwi kutamka neno ambalo dirisha halijakupa. Salaale! Siku ya kwanza nilidhani nitapasuka.

Ndiyo, dirisha. Kila nyumba ya Usemi ina dirisha moja la mbao sebuleni, limechongwa herufi zote, ndani na nje. Ukitaka kusema, unagusa herufi ya kwanza ya neno lako. Dirisha linakunong'oneza maneno matatu yanayoanza na herufi hiyo, unachagua moja, ndipo unalitamka kwa mdomo wako. Kisha unarudi kugusa neno la pili. Ukitamka neno ambalo hukupewa unafungwa kitambaa mdomoni mpaka jua lizame. Nilipouliza sababu, nikaambiwa kwamba zamani mtu mmoja aliteleza ulimi, akamwita mfalme kwa jina la punda wake, mfalme akaugua kwa huzuni. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba ulimi usiachwe peke yake. Sikucheka mbele yao, nilisubiri mpaka nikafika kwetu.

Lakini kulikuwa na jambo lililonifanya niwapende. Dirisha hunong'ona kila neno kwa sauti ya mtu aliyelitamka mwisho katika nyumba hiyo. Ukigusa U asubuhi, unaweza kusikia "uji" kwa sauti ya mtoto ambaye ameshatoka kwenda kucheza. Ukigusa S, unasikia "samahani" ya mume uliyegombana naye jana, nayo imelainika kuliko alivyoisema. Watu wale wanaishi wamezungukwa na sauti za wenzao, nami niliona hiyo ni neema.

Tabu ilikuwa nyuma ya ukuta. Huko kila dirisha lina ghala, na mbele ya ghala kuna upenu. Ghalani yamo maneno yenyewe, makavu, hayana sauti ya mtu. Upenuni huwekwa sauti, karibu na mkono, ili dirisha lisilazimike kwenda ghalani kila saa. Wenyewe wanaziita viporo, kama wali wa jana unaowekwa upashwe moto asubuhi. Ulikuwa ujanja mzuri. Ila kiporo nacho kina siku zake, na watu wa Usemi hawakuwahi kumwaga hata kimoja. Viporo vya mababu vilipandana juu ya viporo vya wajukuu mpaka darini, na dirisha likiguswa lilibidi lipenye katikati yake. Ulikuwa unagusa H upate "hodi", na kabla haijafika mwenye nyumba ameshakuja kufungua, amekuona hujabisha, amefunga.

Nilipokelewa mpakani na Bwana Shaali, mkaguzi wa madirisha, mtu mrefu mwenye sura ya kuomba radhi hata akiwa hajakosa. Akanivisha shingoni kidirisha kidogo cha wageni, kwa kuwa mgeni hana nyumba. Kilikuwa kipya. Nikagusa, maneno yakaja mbio, na mimi nikaanza kazi yangu ya kuongea. Watu wakasimama njiani kunitazama. Mzee mmoja alitokwa na machozi, akakishika kidirisha changu, akaniomba nirudie kusema "vitunguu" kwa sababu hakuwa amesikia neno refu likimalizika tangu ujana wake.

Nilifikia kwa Bi Zuwena, mjane mwenye vidole vyembamba na ucheshi wa chini chini, aliyekaa na binti yake Salha. Salha alikuwa fundi wa madaraja, na alikuwa amepata kazi ng'ambo ya milima, huko ambako mito inachukua watu kila masika. Msafara wa kumchukua ulikuwa unakuja wiki ile, na mwingine ulikuwa haupo mpaka mwakani. Alikuwa tayari, kasha lake limefungwa. Kilichobaki kilikuwa radhi ya mama, kwa maana katika nchi ile kijana havuki mpaka bila radhi iliyotamkwa kwenye dirisha la nyumba yake, mbele ya mkaguzi.

Katika nyumba ile niligundua desturi ambayo sijaiona kwingine. Hakuna aliyegusa T. Taa waliiita "ile ya kuangazia". Badala ya "tafadhali" walisema "naomba". Salha akitaka kuniambia twende sokoni, alisimama mlangoni na kikapu akanitazama mpaka nielewe. Mimi nilidhani T yao imeharibika, nikanyoosha kidole nijaribu. Salha akanishika mkono haraka.

"Hiyo ya baba," akasema.

Basi jioni, kazi zikiisha, Bi Zuwena alivuta kigoda mbele ya dirisha, akagusa T, akangoja. Alingoja sana. Nilikwangua ukoko wa ugali sufuriani, nikaosha, nikafuta, na bado anangoja. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, nzito, yenye mkwaruzo wa mtu mwenye kifua: "Taa yangu." Ndivyo marehemu Makame alivyokuwa akimwita mkewe, maneno mawili yaliyotamkwa kwa pumzi moja, na dirisha likayashika kama moja. Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Bi Zuwena hakulichagua neno wala hakulitamka, kwa sababu angelitamka tu, sauti ya mwisho ingekuwa yake. Alilisikiliza, akatabasamu, akaenda kulala. Na mama na mtoto walikuwa wameiacha herufi nzima, wasije wakaisukuma ile sauti ikazama. Mimi Chiriku nikaiosha tena sufuria niliyokwisha kuiosha.

Katikati ya wiki Bwana Shaali alinipeleka barazani nikasikilize wakubwa wakijadili uzito wa madirisha. Mkutano ulikuwa umeanza kabla sijazaliwa, nadhani, kwa jinsi kila mjumbe alivyokuwa akingojea neno. Mjumbe wa kwanza alisema kosa ni la vidole, watu wanagusa kwa pupa, iundwe Idara ya Vidole iwafundishe. Wa pili alisema yabomolewe madirisha yote yanunuliwe mapya, akanionyesha mimi na kidirisha changu kama ushahidi, na ikawa ni bahati njema kwamba shemeji yake ni seremala. Wa tatu alitaka watu wapunguze kusema: salamu zifupishwe, sifa zifutwe, na mwenye kupenda mtu amwonyeshe kwa vitendo. Mwishowe wakakubaliana kuendelea na Funga-Fungua. Hiyo ni ibada yao ya kila asubuhi: mji mzima unafunga madirisha kwa kishindo, unahesabu pumzi chache, unafungua tena kwa matumaini. Na kweli, dirisha likifunguliwa linakwenda vizuri kidogo, muda wa kusema "umeamkaje". Kabla hujajibiwa uzito umerudi.

Siku iliyofuata kidirisha changu nacho kikaanza kujikokota. Mnashangaa? Chiriku nimeongea siku zote hizo bila breki! Nikamtafuta Bwana Shaali, nikamwambia, neno moja moja, kwamba chombo chake kibovu.

Hata hakukiangalia mara mbili. Akakigeuza. Nyuma kulikuwa na kamba mbili zinaning'inia, moja fupi, moja ndefu. Akavuta fupi. Sauti yangu ikamwagika mchangani, nikajisikia nikilalamikia bei ya nyanya, nikijisifu, nikipiga chafya. Kisha kimya. Nikagusa. Neno la kwanza lilisita kidogo, na baada ya hapo yakatiririka kama siku ile mpakani.

"Kumbe dawa mnayo!" nikasema. "Sasa barazani mlikuwa mnajadili nini?"

Bwana Shaali alikuwa akiazima kidirisha changu akitaka kujibu upesi. "Kila dirisha lina kamba hizi," akasema. "Fupi inamwaga viporo. Ndefu inamwaga na ghala."

"Basi vuteni fupi, mlale!"

"Wewe ni mgeni, humo kidirishani hamna marehemu wako," akasema. "Mimi nina mama yangu kwenye M. Nani atanivutia?"

Akanisimulia pia kuhusu ukoo wa mtaa wa chini, waliojikaza siku moja wakavuta kamba, na kwa kuwa walifumba macho kwa uchungu wakashika ndefu. Ghala likamwagika lote. Niliwaona mwenyewe nikipita: wazee wenye mvi wamekaa barazani kwao wakijifunza "maji" upya, mmoja anamtazama mkewe na hana jina la kumwita. Baada ya hapo mji wote ukawa unaogopa kamba zote mbili sawasawa.

Ikafika siku ya msafara. Bi Zuwena alikuwa amekaa dirishani tangu jana yake. Radhi ilikuwa moyoni mwake, hakuna aliyeitilia shaka, alikuwa ameipiga pasi pamoja na nguo za mwanawe. Lakini alikuwa amegusa N ya "nenda" na dirisha lilikuwa halijanong'ona chochote. Bwana Shaali alifika kushuhudia, akakaa kwenye mkeka, kofia magotini. Jua likapita utosini. Sisi sote tukaanza kuangalia vivuli.

Mimi uvumilivu si fungu langu. Nikavua kidirisha, nikampa Bi Zuwena. "Dada yangu, sema hapa, mtoto aende."

Salha akakitazama, akatikisa kichwa. Akasema kupitia kidirisha hicho hicho, "Kwa mazungumzo sawa. Radhi ya kuazima hainivushi hata daraja la kwanza, shangazi."

"Bi Zuwena," akasema Bwana Shaali akikipokea kidirisha, na alisema akitazama kofia yake. "Ipo kamba fupi. Nitaishika mwenyewe nikuonyeshe, usije ukakosea. Ghala halitaguswa. Neno taa litabaki. Kitakachotoka ni sauti tu."

Bi Zuwena akakivuta kidirisha. "Sauti tu?" akasema. "Neno taa lipo hata kwa jirani, Bwana Shaali. Sauti ndiyo mume wangu."

Bwana Shaali akaipangusa kofia vumbi ambalo halikuwapo.

"Usiivute, mama," akasema Salha. "Mimi nitabaki. Nitakwenda mwakani."

"Mwakani dirisha litakuwa jepesi?"

Kwa mbali tukasikia ngoma ya msafara ikianza kuwaita watu. Salha akasogea kwenye dirisha la nyumba yao, akainua kidole kama mtu aliyejisahau, akakisimamisha juu ya T. Kikakaa hapo, hakikugusa. Kisha akakirudisha kifuani na kukifunika kwa mkono mwingine.

Mama yake alikuwa amemwona. "Ulitaka neno gani?"

"Si kitu, mama."

"Salha. Neno gani?"

Salha akakichukua kidirisha changu. "Tutaonana," akasema. "Nilitaka kusema tutaonana. Basi, si kitu, nitalisema njiani."

Bi Zuwena alimtazama mwanawe, na naapa nilimwona akihesabu kimoyomoyo maneno yote ambayo mtoto yule alikuwa ameyameza ndani ya nyumba ile: twende, tule, tazama mama, tumbo linauma, tucheke. Macho yakamjaa.

"Ala!" akasema. "Mwanangu anahama kwangu, na hana ruhusa ya kuniambia tutaonana?"

Akasimama. Hakuomba asaidiwe. Ila kwanza alirudi akagusa T, na sisi wote tukangoja naye, ngoma ikilia, na hakuna aliyethubutu kumharakisha, hata mimi. Ikaja, nzito, yenye mkwaruzo: "Taa yangu." Akaiitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtu anayekuaga mlangoni. Kisha akatoka uani, na Bwana Shaali nyuma yake, akamwonyesha. "Hii, Bi Zuwena. Fupi." Bi Zuwena akaivuta.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Viporo vya nyumba nzima vilimwagika kwenye mfereji wa uani: wakunga waliosema "sukuma", bibi wa bibi akiita kuku, mtu akikohoa, Salha akiwa mdogo akiomba uji, akiomba tena, akilia kwamba ni wa moto. Majirani walitoka wakasimama ukutani, na wengine walifunika midomo kwa kuwatambua watu wao. Karibu na mwisho sauti ya Makame ikapita, mara moja, haikukawia. Bi Zuwena aliinama akanyoosha mkono kwenye mfereji, kama mtu aliyeangusha pete. Salha akamkumbatia kwa nyuma, akamshikilia hivyo mpaka kimya kilipoingia.

Wakarudi ndani. Bi Zuwena akagusa N. Dirisha likasita. Lilisita kiasi cha kutufanya tutazamane, na Bwana Shaali akapauka, akakumbuka ule ukoo wa mtaa wa chini.

"Mara ya kwanza huwa zito," nikamwambia Bi Zuwena. "Changu kilifanya hivyo hivyo. Ngoja kidogo, dada."

Likanong'ona. Halikuwa na sauti ya mtu yeyote, lilikuwa kavu kama mkaguzi asomaye majina ya wasiomhusu, lakini neno lilikuwa lile lile: "Nenda." Bi Zuwena akalichukua, akalitamka. Na hapo maneno yakafunguka, kidole kinagusa na mdomo unafuata, pasipo kungoja:

"Nenda na radhi zangu, mwanangu. Nimekuridhia mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa. Ukapate njia nyeupe. Ukishika mchanga uwe dhahabu. Madaraja yako yasimbwage mtoto wa mtu."

Bwana Shaali akavaa kofia yake, kuonyesha kwamba ameshuhudia. Salha akainama kuchukua kasha. Lakini mama yake alikuwa bado kwenye dirisha, kidole kimesimama mbele ya T. Akagusa. Dirisha likanong'ona matatu, makavu: tunda, twende, taa. Akafumba macho. Nilijua anatafuta kitu ndani ya lile la tatu na hakipo. Neno lilikuwa tupu kama kikombe kilichooshwa.

Basi akalijaza mwenyewe. Akafungua macho, akagusa na Y, akamshika Salha mashavu, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo haijawahi kulisema: "Taa yangu."

Salha aliangua kilio kama mtoto. Alipoweza, akagusa T mbele ya mama yake, kwa mara ya kwanza tangu baba yake azikwe, akasema, "Tutaonana, mama." Akaondoka. Tulimsindikiza kwa macho mpaka kona, na ngoma ikamchukua.

Nilikaa kwa Bi Zuwena siku chache zaidi, kumwondolea upweke, ingawa sina hakika ni nani aliyemwondolea mwenziwe. Nyumba ilikuwa na maneno tele. Aliniambia "tafadhali" mpaka nikachoka. Habari zilienea, na majirani kadhaa walikuja kumwuliza inauma vipi, naye hakuwadanganya, aliwaambia inauma sana. Baadhi walivuta kamba fupi, baadhi wakarudi kwenye Funga-Fungua yao, na siwalaumu. Bwana Shaali aliniambia bado hajaamua kuhusu M. Baraza, nilipoondoka, lilikuwa limeunda kamati ya kupima urefu wa kamba.

Jioni yangu ya mwisho, Bi Zuwena alivuta kigoda kama zamani. Akagusa T, kwa mazoea. Dirisha halikumngojesha. Likanong'ona "taa yangu", na akashtuka, maana ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya mwanamke aliyekuwa akilia na hakuvunjika. Kisha likanong'ona la pili, sauti changa, yenye mafua ya machozi: "Tutaonana."

Alisikiliza. Akagusa tena, akasikiliza tena. Nikaingiwa na hofu, nikamwona anaanza upya yale yale ya miaka yote. Mdomo wangu ukanishinda.

"Bi Zuwena, dada yangu," nikasema, "upenu utajaa tena. Siku itafika itabidi uivute kamba. Na hiyo sauti ya Salha itakwenda mferejini kama ile."

"Iende," akasema, upesi, wala hakugeuka. "Huyu mwenyewe atarudi kuisema."